Je, fundi wa leo anaweza kufuata njia ya Amédée Gordini?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa magari, nina miaka 27. Kazi nimejifunzia gereji tangu nilipomaliza darasa la saba na sina cheti chochote. Mwaka huu nimeanza pia kushiriki mbio ndogo za magari kwa gari langu la silinda nne, cc 1,300. Nimesoma habari za Mfaransa Amédée Gordini, fundi aliyekuwa pia dereva na mwongeza nguvu za injini, ambaye walimwita Mchawi. Wenzangu wanasema siri yake ilikuwa kwenye kabureta na alikufa nayo, tena kwamba alifika kuwa bingwa wa dunia bila kutegemea kampuni yoyote. Natamani kufuata njia yake: niache kazi, niuze kiwanja changu, nifungue karakana ya kuongeza nguvu za injini na nijenge gari langu mwenyewe la mashindano. Nimeshauriwa pia niondoe nozeli za kunyunyizia petroli niweke kabureta mbili, vile vyombo vya zamani vya kuchanganya hewa na petroli, kama zake ili nguvu ziongezeke maradufu. Je, jambo hili linawezekana au najidanganya?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza mambo mawili ambayo umeyafunga katika fundo moja. La kwanza ni lile ambalo Gordini aliifanyia injini, na la pili ni namna alivyopata riziki kwa kazi hiyo. Hilo la kwanza husimuliwa kila mahali kwa sababu linapendeza. La pili huachwa, nalo ndilo linalokuhusu zaidi, kwa kuwa umetaja kiwanja. Nitayajibu yote mawili, lakini kwanza niruhusu nikunyooshee habari za mtu mwenyewe, kwa maana ulizopewa zimechanganya kweli na hadithi.

Gordini alikuwa Mfaransa kwa kuchagua. Alizaliwa Bazzano, karibu na mji wa Bologna nchini Italia, tarehe 23 Juni 1899, na akiwa bado kijana mdogo alifanya kazi ya ufundi chini ya Alfieri Maserati, mmoja wa ndugu walioanzisha magari yenye jina hilo. Alitumikia jeshi la Italia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha katika miaka ya 1920 akahamia Paris na kufungua gereji yake Suresnes, kitongoji kilicho ng'ambo ya mto Seine magharibi ya jiji. Uraia wa Ufaransa aliupata mwaka 1929. Kwa hiyo ni kweli kwamba kazi aliijua kwa mikono, kama wewe, na kwamba hakupitia chuo cha uhandisi. Hata hivyo usiseme hakusomeshwa. Kijana anayeshika spana mbele ya bwana mkubwa wa fani, na kukosolewa kila siku, yumo darasani, na darasa la namna hiyo ni gumu kuliko mengi yenye ubao na chaki. Swali la kujiuliza si kama una cheti, bali ni nani anayekukosoa kazi yako leo.

Kuhusu ubingwa wa dunia, hakuupata. Timu yake ilishiriki mashindano ya dunia ya Formula 1 kuanzia mwaka 1950, ulipoanzishwa ubingwa huo, hadi mwaka 1956, na katika miaka yote hiyo haikushinda hata mbio moja iliyohesabiwa katika ubingwa. Mafanikio yake ya juu hapo ni nafasi za tatu, kama ile ya Jean Behra nchini Uswisi na ile ya Robert Manzon nchini Ubelgiji, zote za mwaka 1952. Sisemi hivi ili kumpunguzia heshima. Ukiangalia alichokuwa nacho mkononi, nafasi ya tatu ilikuwa kazi kubwa mno. Nasema kwa sababu unapanga maisha yako kwa mfano wake, na mfano ukiwa na kosa, hesabu yako yote itakosea.

Sasa tuje kwenye huo unaoitwa uchawi. Jina la Mchawi alipewa kwa sababu watu waliona magari madogo ya kawaida, ambayo jirani yao alikuwa nalo moja nyumbani, yakikimbia kwa namna ambayo hawakuweza kuieleza. Katikati ya miaka ya 1930 alianza kuvuma kwa kushindana na Fiat Balilla yenye injini ya cc 995. Wakati huohuo Henri-Théodore Pigozzi alikuwa ameanzisha kampuni ya Simca, iliyounda magari ya Fiat ndani ya Ufaransa kwa leseni, na Gordini akawa fundi wa mashindano wa magari hayo. Mwaka 1939, katika mbio za saa 24 za Le Mans, yeye mwenyewe akiwa usukanini pamoja na José Scaron, walitwaa ile tuzo inayopima mwendo wa gari kwa kulinganisha na ukubwa wa injini yake. Gari lao lilikuwa Simca 8, lenye injini isiyofika cc 1,100. Hiyo ndiyo tuzo inayomweleza Gordini kuliko zote: alikuwa bingwa wa kutoa kingi katika kidogo.

Alikitoaje? Injini ya petroli ni pampu ya hewa. Petroli ni rahisi kuongeza. Kigumu ni kuingiza hewa ya kuichoma. Chukua injini ya cc 1,108 yenye silinda nne, ambayo tutairudia baadaye. Kila silinda ina nafasi ya cc 277. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, na valvu ya kuingizia hukaa wazi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo mfupi, hewa inatakiwa ipite kwenye kichujio, kwenye kabureta, kwenye bomba la manifoldi, ikunje kona ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, ipenye ukingo wa valvu na kuijaza silinda. Kila kona kali, kila ukingo uliojitokeza na kila bomba jembamba huipunguzia hewa mwendo, na silinda inapofungwa ikiwa haijajaa, nguvu imeshapotea kabla cheche haijawaka. Baada ya hapo huja upande wa pili, maana moshi usipotoka vizuri, hubaki ndani na kuchukua nafasi ya hewa mpya. Gordini alitumia maisha yake kutafuta mahali nguvu zinapopotelea, tena kwenye injini ambazo kiwanda kilizitengeneza kwa bei nafuu na kwa ajili ya watu wasio na haraka.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni Renault 8 Gordini iliyotoka mwaka 1964. Injini yake ya cc 1,108 ilitokana na injini ya kawaida ya Renault ambayo, kwa ukubwa huohuo, ilitoa takriban nguvu farasi 50. Yeye alitoa 95, zote kwa kipimo cha SAE kilichotumika wakati ule. Angalia alipoanzia. Kwenye injini ya kawaida valvu zilisimama mstari mmoja, na mabomba ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi yalikuwa upande mmoja wa hedi, kwa hiyo hewa iliingia na kulazimika kugeuka kutokea ilikoingilia. Gordini alitengeneza hedi mpya yenye chemba za kuchomea zenye umbo la nusu tufe, valvu zikiwa zimelazwa pande mbili, hewa ikiingia upande huu na moshi ukitoka upande ule. Chemba ya umbo hilo inaruhusu valvu kubwa zaidi katika silinda ileile. Na jambo ambalo fundi yeyote atalistahi ni kwamba kemshafti, mhimili unaofungua valvu, aliiacha palepale ilipokuwa, chini kwenye bloku, akiendesha valvu kwa fito za kusukumia kama kawaida. Hakujenga injini mpya. Alibadilisha sehemu iliyokuwa inaziba na akaacha iliyokuwa inatosha.

Ndipo zikaja kabureta. Zilikuwa Solex mbili, kila moja ikiwa na matundu mawili, hata kila silinda ikawa na tundu lake. Wenzako wameziona hizo kwa sababu ndizo zinazoonekana ukifungua boneti. Lakini kabureta hizo ziliwekwa kuilisha hedi ambayo tayari ilikuwa na uwezo wa kumeza. Ukizifunga kwenye hedi ya zamani, utapata sauti kubwa na matumizi makubwa ya petroli, nguvu zikiongezeka kidogo au zisiongezeke kabisa. Kwa hiyo hapana, hakukuwa na siri ya kabureta, na hakuna alichokufa nacho. Hedi zile zipo hadi leo, wako mafundi Ufaransa wanaozifungua na kuzifunga kila wiki, na anayetaka kuzipima anazipima.

Hapa nikujibu moja kwa moja kuhusu gari lako. Usiondoe nozeli. Mfumo ulio nao hupima hewa inayoingia na kutoa petroli kulingana nayo, katika baridi na joto, katika mwendo mdogo na mkubwa. Kabureta mbili zisizolingana zitakupa silinda moja yenye petroli nyingi na nyingine yenye petroli kidogo, na silinda yenye petroli kidogo, ikikimbizwa kwa nguvu, huchoma pistoni au valvu bila kukupa onyo la maana. Gordini alitumia kabureta kwa sababu ndicho chombo bora alichoweza kukipata kwa magari ya bei ile. Kumfuata ni kutumia chombo bora cha wakati wako, nacho unacho tayari.

Kama unataka kuanza mahali alipoanzia yeye, anza na hedi, tena anza kwa kupima kabla ya kukata chochote. Ifungue, isafishe, ilaze mezani uso wake ukiwa juu, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi kidogo kuzunguka chemba, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, chenye tundu dogo, kisha jaza chemba kwa mafuta ya taa kwa kutumia sirinji yenye alama, ukihesabu cc zilizoingia mpaka kipovu cha mwisho cha hewa kitoke. Fanya hivyo kwa chemba zote nne, andika. Utashangaa jinsi zinavyotofautiana. Na tofauti ndogo si ndogo: kwenye silinda ya cc 277, chemba ya cc 30.8 hukupa kompresheni, yaani kiwango cha kubanwa kwa hewa, ya 10 kwa 1. Ikizidi cc 2 tu, kompresheni hushuka hadi takriban 9.4. Sasa silinda zako hazifanyi kazi sawa, na yule anayeikimbiza injini anasikia mtetemo asioweza kuueleza. Kisha chukua gasketi ya manifoldi, iweke kwenye hedi, chora kwa ncha kali kufuata matundu yake, halafu fanya hivyohivyo upande wa manifoldi. Mara nyingi utakuta ngazi ya milimita moja au mbili ambapo bomba na tundu havikutani sawasawa. Pitisha kidole ndani na utaihisi. Kuiondoa ngazi hiyo kwa subira, bila kupanua tundu zima ovyo, ni kazi ya jioni kadhaa na haigharimu karibu kitu. Kazi ya namna hii, ikirudiwa kwenye kila sehemu ya gari, ndiyo iliyompa mtu yule jina lake.

Lakini lazima nikuambie pia bei ya nguvu. Nguvu farasi ni msokoto ukizidishwa kwa mizunguko, kwa hiyo njia rahisi ya kuziongeza ni kuifanya injini izunguke haraka zaidi bila kupungukiwa pumzi. Tatizo ni kwamba mvuto unaoikabili konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, pistoni inapogeuka huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka mizunguko 5,000 hadi 6,500, umeongeza mwendo kwa asilimia 30, lakini mzigo kwenye konrodi, bolti zake na beringi umeongezeka kwa asilimia 69. Gordini aliujua ukweli huu kwa maumivu. Magari yake yalikuwa mepesi na yenye kasi, na mengi yaliharibika kabla ya bendera ya mwisho, kwa kuwa alikuwa akiidai injini ndogo kazi ya injini kubwa huku akiwa hana fedha za kubadilisha vipuri baada ya kila mbio.

Breki nazo ni sehemu ya hadithi hii. Katika Le Mans ya mwaka 1952 gari lake la cc 2,300, likiendeshwa na Behra na Manzon, liliongoza mbio usiku mbele ya magari yenye injini kubwa kulishinda. Kilicholitoa ni breki. Linganisha na Renault 8, ambayo ilikuwa na breki za diski kwenye magurudumu yote manne tangu toleo la kawaida, jambo lililokuwa nadra kwa gari la bei ile. Ndiyo maana nguvu karibu maradufu ziliweza kuwekwa humo na gari likauzwa kwa raia. Kabla ya kuongeza nguvu farasi 10, nakusihi ukague breki zako, mabomba yake, mafuta yake na hali ya diski, kwa umakini uleule unaoupa hedi.

Sasa tufike kwenye riziki. Wenzako wanasema hakutegemea kampuni. Ukweli ni kwamba miaka yake mizuri ni ile aliyokuwa na kampuni nyuma yake, na miaka iliyomtesa ni ile aliyosimama peke yake. Alipofungua gereji Suresnes, kwa takriban miaka kumi alitengeneza magari ya wateja, mashindano yakifuata baadaye. Alikuwa na miaka 36 mwaka 1935, magari yake yalipoanza kusemwa. Gereji ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, ndiyo iliyonunua vipuri.

Baada ya Vita vya Pili, mambo yalikwenda kasi. Tarehe 9 Septemba 1945, Ulaya ikiwa bado inatoka kwenye vifusi, ziliandaliwa mbio tatu katika msitu wa Bois de Boulogne jijini Paris. Ya kwanza, ya magari madogo, ilipewa jina la Robert Benoist, dereva wa mashindano aliyeingia katika upinzani dhidi ya Wajerumani na kuuawa katika kambi ya Buchenwald mwaka 1944. Gordini ndiye aliyeishinda, akiendesha mwenyewe. Mwaka uliofuata alihamia karakana ya boulevard Victor, mtaa wa 15 wa Paris, akajenga gari dogo la kiti kimoja kwa kutumia vipuri vingi vya Simca, na polepole akaacha usukani kwa wengine. Orodha ya waliopita mikononi mwake inastaajabisha: Jean-Pierre Wimille, Maurice Trintignant, Prince Bira wa Siam, Manzon, Behra. Juan Manuel Fangio, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara tano, alishindana kwa mara ya kwanza barani Ulaya mwaka 1948 huko Reims akiwa ndani ya Simca-Gordini. Furaha ilichanganyika na msiba, kwani Januari 1949 Wimille alifariki Buenos Aires wakati wa mazoezi, akiendesha gari la Gordini.

Uhusiano na Simca ulivunjika mwishoni mwa mwaka 1951. Gordini alitaka injini mpya na mashindano makubwa zaidi. Simca ilitaka kuuza magari ya familia. Kila upande ulikuwa na hoja, nami sioni haki ya kumlaumu Pigozzi kwa kukataa kulipia ndoto ya mwingine. Kuanzia hapo Gordini alikuwa huru, na mwanzo wa uhuru huo ulikuwa mtamu. Mwaka 1952, kwa injini yake mpya ya silinda sita na lita 2, Behra alishinda mbio za Reims mbele ya Ferrari zilizokuwa zinawafagia wote mwaka ule. Mbio hizo hazikuhesabiwa katika ubingwa, na wapo walionong'ona kwamba injini ilizidi ukubwa ulioruhusiwa, jambo ambalo halikuthibitishwa. Kwa Wafaransa ilitosha kuona gari la bluu likimaliza mbele.

Utamu haukudumu, na sababu yake ni hesabu. Alishindana katika mbio za magari ya kiti kimoja na katika mbio za magari ya masafa marefu kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mwandaaji alilipa fedha kidogo kwa gari kufika kwenye mstari wa kuanzia, na fedha hizo ndizo zilizoendesha karakana. Kwa hiyo gari lilitoka kwenye mbio moja kwenda nyingine bila kufunguliwa ipasavyo, likaharibika, zawadi ikakosekana, na karakana ikazidi kuhitaji fedha za mbio inayofuata. Madereva wazuri walimpenda, kisha wakaondoka. Trintignant alikwenda Ferrari na mwaka 1955 akashinda Monaco. Behra alikwenda Maserati. Gordini alijaribu injini mpya ya silinda nane mwaka 1955, gari likawa zito na fedha za kuliendeleza hazikuwapo. Mwaka 1957 alifunga timu. Alikuwa na miaka 58.

Kilichomwokoa ni Renault. Mwaka huohuo ilitoka Dauphine Gordini, gari dogo la cc 845 ambalo alilipandishia nguvu na kulipa gia nne badala ya tatu, kisha ikafuata ile Renault 8 niliyokueleza, ya bluu yenye mistari myeupe. Zilitengenezwa zaidi ya 11,000. Ilishinda mbio za Corsica mwaka 1964, 1965 na 1966, na kuanzia mwaka 1966 Renault iliandaa mashindano ya vijana wote wakiendesha gari hilo moja, kwa gharama ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuijaribu. Jean-Pierre Jabouille alipitia humo. Mwanzoni mwa mwaka 1969 karakana ilihamia Viry-Châtillon, kusini mwa Paris, ikiwa chini ya Renault, na hapo ndipo ilipotengenezwa injini ya V6 iliyozaa injini ya turbo, yaani inayosukumiwa hewa kwa pampu, ya Formula 1. Gordini alifariki tarehe 25 Mei 1979. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, Jabouille aliipa Renault ushindi wake wa kwanza wa Formula 1 huko Dijon, na ulikuwa pia ushindi wa kwanza wa injini ya turbo katika ubingwa huo. Nakiri kila nikizisoma tarehe hizi mbili kwa pamoja naumia kwamba hakuuona.

Kwa hiyo, ndugu yangu, njia yake inawezekana, lakini uichukue yote, pamoja na ile miaka ya gereji. Naona mbele yako mambo matatu. La kwanza ni kubaki kazini na kujenga ujuzi wako jioni na mwisho wa wiki. Ni polepole, nalo linachosha, lakini kosa lako la kwanza kubwa, ambalo litakuja, halitakula chakula cha nyumbani. La pili ni kufungua gereji ya kazi za kawaida, yaani sevisi, breki, klachi, hedi zilizopinda, na kona moja ndani yake kwa ajili ya kazi za mashindano. Hii ndiyo Suresnes yake, na ndiyo ningependa uielekee, baada ya mwaka mmoja au miwili ya maandalizi na wateja wanaokujua kwa jina. La tatu ni kuacha kazi, kuuza kiwanja na kujenga gari lako la mashindano. Hilo alilifanya Gordini akiwa tayari mashuhuri, mwenye madereva bora wa nchi yake, na bado lilimshinda. Sikushauri ulifanye sasa, na sioni haya kukuambia wazi.

Kuhusu kuendesha mwenyewe, endelea. Katika mambo yote ya Gordini, hili nalithamini sana, kwamba kwa miaka mingi aliyefunga injini na aliyeikimbiza walikuwa mtu mmoja. Dereva akimwambia fundi kwamba gari linasita katika mizunguko ya kati, hapo kuna tafsiri na kuna kupotea kwa maana; anayesikia kwa mwili wake mwenyewe anajua ni sekunde gani na ni kona gani. Weka daftari la kila mbio, hali ya hewa, plagi zilitoka na rangi gani, presha ya matairi, ulichobadilisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na lazima uonane na mtu uso kwa uso. Ukitaka kukata uso wa hedi, kupandisha kompresheni au kuizungusha injini zaidi ya kiwango cha kiwanda, peleka hedi, krenki na konrodi kwenye karakana ya kukereza yenye vipimo vya kweli, wakague nyufa na walinganishe uzito, na uwepo wakati wanapima ili ujifunze. Ukisikia injini inagonga kama kokoto unapokanyaga mafuta, simama siku hiyohiyo. Usiendelee kushindana kwa matumaini. Mabadiliko ya kontroli boksi, kompyuta inayoongoza injini, yafanywe penye mashine ya kupimia nguvu, na mtu anayesoma mchanganyiko wa hewa na petroli wakati injini inafanya kazi. Fremu ya chuma ya kumlinda dereva usiichomelee kwa kukisia; mwone mkaguzi wa chama cha mbio za magari cha nchi yako kabla hujanunua bomba la kwanza, akuonyeshe kanuni za unene na viungo.

Na kiwanja hicho, kabla hujakitafutia mnunuzi, keti na watu wa nyumbani kwako, kisha umwone mhasibu ukiwa na karatasi yenye kodi ya pango, leseni, vifaa, mishahara na miezi sita isiyo na mteja hata mmoja. Kama hesabu inasimama bila kuhesabu zawadi yoyote ya mbio, niandikie tena uniambie ni vifaa gani unafikiria kununua kwanza, nasi tutaipitia orodha hiyo pamoja.